Kuku wa Malakite Ndani ya Unga

Asubuhi yake ya kwanza Ndola, nchini Zambia, Djamila aliamka mapema kama anavyoamka kwao Kolwezi, nchini Kongo. Alifagia, akaosha vyombo, kisha akanyemelea jikoni kwa shangazi yake, Mama Sikudhani, kutafuta mfuko wa unga wa mihogo aliokuja nao. Aliukuta dirishani, umekunjwa, mtupu.

Akashtuka. Ndani ya unga ule alikuwa amemficha kuku mdogo wa malakite, lile jiwe la kijani la kwao. Babu alimchonga kwa miezi miwili ili Djamila ampelekee Mama Sikudhani, binti yake ambaye hajamwona kwa miaka tisa. Djamila alimficha mpakani kwa hofu. Kwao, kwenye vizuizi vya barabara za migodini, watu hupekuliwa mawe, na aliwahi kumwona baba yake akigeuzwa mifuko hadharani.

"Nani alimwaga bunga?" aliuliza.

"Ni mi," akajibu Mwamini, binti wa shangazi, rika lake. "Juu ya nini unauliza?"

"Bule tu," Djamila akajibu.

Hakuuliza zaidi. Kichwani mwake kesi ilikwisha: aliyemwaga unga ndiye aliyemchukua kuku.

Mchana shangazi aliwapeleka kwenye jumba la sanaa. Palikuwa na picha kubwa za rangi, vinyago na vikapu, lakini Djamila aliangalia kitu kimoja tu, mkono wa Mwamini usiotoka mfukoni. Shangazi alipobaki nyuma kidogo, wasichana wakafika kwenye kabati la kioo lenye mamba wa malakite.

"Angalia, bitu bya kwenu!" Mwamini akacheka.

Djamila akaona anachezewa. "Toa mukono! Toa ile uliiba!"

Watu wakageuka. Mlinzi akaja, akaona Djamila akiuonyesha mfuko kwa kidole, akamwamuru Mwamini ageuze mifuko. Zikaanguka karanga tu. Mwamini akaziokota moja moja huku analia. Hata hapo Djamila hakuamini; alijiambia kuwa kuku amefichwa nyumbani.

Walirudi nyumbani. Shangazi aliwasha mbabula, jiko la makaa, ili aoke mikate ya unga wa mihogo na ngano kama alivyoahidi. Akampa Djamila chekeche na ndoo ambamo Mwamini alimwaga ule unga. Alipochota mara ya tatu, kikombe kiligonga kitu kigumu. Alikuwa kuku, mweupe kwa unga, mdomo wake wa kijani ukichungulia.

Djamila akaketi chini na kueleza yote. Shangazi alimfuta kuku wa baba yake kwa kitenge, machozi yakimlengalenga.

"Siku ile balipekua baba yako, ulisikia namna gani?"

"Soni, tantine."

"Leo, mutoto wangu, mwenye kupekua batu ni we."

Djamila alimwomba Mwamini msamaha. Mwamini aliendelea kukanda unga.

Kesho yake Djamila aliomba warudi kwenye jumba la sanaa. Mbele ya kabati lile lile alimsimamisha mlinzi yule yule, shangazi akitafsiri kwa lugha ya pale. "Tata," alimwita kwa heshima, "jana nilimusingizia ndugu yangu. Hakuiba kitu." Alisema kwa sauti, watu wakasikia.

Mwamini akatoa mkono mfukoni, akamwekea karanga kiganjani. "Kula, basi."

"Ukiwa na mashaka na mutu, uliza kwanza," shangazi akasema. "Ungeniuliza tu kuku iko wapi, tungechunga bunga na chekeche pamoja. Na ukimupatisha mutu soni mbele ya batu, umusafishe mbele ya batu, vile umefanya leo."