Wageni wa Daktari Yustina

Land Cruiser nyeupe ilikuwa mita mia mbili mbele, ikitimua vumbi kuelekea Urambo, njia ileile ya misafara ya kale iliyokwenda Ujiji.

Majidi aliongeza mafuta ya pikipiki yake ya Honda.

"Kunguru, nipe hali," redio ilikoroma, ikimwita kwa jina lake la kazi.

"Nimewaona. Wawili."

"Kinasa sauti kisifike Kigoma. Kikifika, setilaiti yetu imekwenda."

"Nimekupata."

Wiki tatu watu hao, waliojifanya watengeneza filamu, walishinda sebuleni kwa Daktari Yustina kule Chemchem, wakimrekodi. Ndiye aliyebuni namba za siri zinazoiongoza setilaiti ya taifa, na ikisharuka, hazibadilishwi. Bibi wa watu ana miaka sabini na minne. Ya jana huyasahau, lakini namba zake huzitamka kama sala. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawa walikuja kumchuna.

Majidi alilipita gari, akageuka, akachomoa bastola yake ya Beretta.

Risasi mbili. Matairi mawili.

Gari lilitumbukia mtaroni. Wakatoka mikono juu, akawafunga pingu. Kinasa sauti, Sony ndogo, kilikuwa ndani ya ndoo ya asali, kimefungwa nailoni.

"Kiharibu hapohapo," redio iliamuru. "Namba zimo kila mahali. Usikisikilize."

Alikisikiliza. Aliyekuwa akizungumza humo ndiye aliyemfundisha hesabu bure kila Jumamosi utotoni.

"Nilizaliwa Puge. Baba alinipeleka misheni nichunge mbuzi wa mapadri. Mmoja akaingia darasani kula chaki. Nikaingia kumtoa, sikutoka tena."

Akazima. Akakiweka juu ya jiwe, akaokota jiwe jingine. Moyo ulimuuma kila alipopiga.

Askari walipowachukua wale wawili, alirudi Chemchem. Mezani palikuwa na sahani tatu za michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Majidi. Wageni wangu wameondoka hata hawajala. Watarudi?"

"Hawarudi, Mwalimu."

Bibi aliketi taratibu. "Simulizi ilikuwa imefikia siku ya kuirusha setilaiti. Tangu nistaafu, ni wao tu walioniuliza habari zangu."

Majidi aliona aibu. Kila Idi alimletea sukari, wala hakuwahi kumuuliza kitu. Akavuta sahani, akala.

"Mwalimu, yule mbuzi aliyekula chaki, mapadri walimfanya nini?"

Bibi alimgeukia.

"Habari ya mbuzi niliwasimulia wale tu."

Miaka ishirini ya ujasusi, na leo ameteleza kwa mbuzi.

"Kumbe maneno yangu unayo wewe," alisema bibi, uso ukachangamka. "Basi yako salama."

"Yako salama, Mwalimu."

"Nikifa, watoto wa Puge wayasikilize."

"Watasikiliza."

"Kunguru, ondoka," redio ilinong'ona.

Alinawa, akaaga, akatoka bila kugeuka nyuma. Mfukoni, vipande vya Sony viligongana kila alipopiga hatua.