Filimbi ya Mzee Yonasani na Kiapo cha Blasio

Jioni zilikuwa na raha nyumbani kwa Mzee Yonasani, mlimani juu ya mji mdogo wa Bwera. Kahawa ikishaanuliwa uwanjani na mbuzi wakishafungwa, mzee alikaa mlangoni na filimbi yake, akaipuliza kwa ubavu, na majirani wa ng'ambo ya bonde wakaacha maneno yao wasikilize. Binti yake Bulandina, mjane aliyerudi kwa baba baada ya kufiwa na mume, alimenya mihogo huku akivitazama vidole vya mzee. Kwa kuvitazama hivyo, mwaka hadi mwaka, alikuwa amejifunza nyimbo zote.

Filimbi hiyo haikuwa ya mwanzi kama hizi zetu. Ilikuwa ya mti mweusi, mzito, yenye matundu sita, na ilitoka Ayalandi, nchi ambayo mzee mwenyewe hakujua iko upande gani wa dunia. Mwaka ule wa uhuru, mzungu mmoja mpimaji wa barabara, ambaye Yonasani alimpikia kule Kasese, alikuwa akifunga mizigo arudi kwao. Yonasani akaomba auziwe filimbi. Mzungu hakuanza kuisifu. Aliigeuza, akaweka ukucha juu ya ufa mwembamba karibu na tundu la kupulizia, akasema, "Yonasani, tazama hapa kwanza. Imepasuka. Ukiiacha kwenye joto, ufa utafunguka. Uzibe kwa nta, ipake mafuta, ilaze penye ubaridi. Ukiweza hayo, nunua. Kama huwezi, acha."

Yonasani alinunua akijua anachonunua. Ndugu msomaji, ushike ukucha huo wa mzungu, usiuachie, maana tutauhitaji.

Katika mgongo ule wa mlima kulikuwa na desturi. Marehemu hatolewi nyumbani kimya. Mpiga filimbi hutangulia mbele ya machela, akipiga wimbo mmoja ule ule mpaka mwili ulazwe kaburini. Asiyepigiwa, watu husema, ameondoka kama mwizi. Yonasani alimpigia tajiri na alimpigia maskini, wala hakudai kitu kwa mtu. Siku moja, wakirudi kutoka msibani, alimwuliza binti yake, "Mimi nitapigiwa na nani?"

"Na mimi, Tata," Bulandina akajibu. Tata ndivyo alivyomwita baba yake tangu utotoni.

Wanaume waliokuwa pamoja nao wakaguna. Mwanamke atangulie mbele ya machela? Mzee akawageukia. "Pumzi haivai suruali," akasema. "Atanipigia Bulandina." Tangu siku ile neno hilo likawa ahadi, na Bulandina akalichukua kwa uzito wake wote.

Sasa nimlete Blasio, na mniwie radhi nikipandisha sauti. Blasio alikuwa mwana wa Yonasani, kaka yake Bulandina, mtu mzima mwenye ndevu. Alikula kahawa ya baba, akavaa kahawa ya baba, na duka lake dogo pale Bwera lilifunguliwa kwa kahawa ya baba. Yote hayo hayakumshibisha. Wafanyabiashara wenzake walikuwa na redio, yeye hana, na jambo hilo lilimnyima usingizi kuliko maradhi ya mzazi wake. Maana mwaka wa sitini na tisa mzee alishikwa na kifua, akalazwa ndani, na filimbi ikalazwa kando ya kichwa chake ndani ya sanduku lake la mbao. Macho yalikuwa yamefifia. Kila asubuhi alipapasa mkono, akaligusa sanduku, akatulia.

Blasio aliitazama filimbi ile kama fisi anavyomtazama ng'ombe mgonjwa. "Cha baba ni changu," alijiambia. "Nachukua mapema tu." Bulandina alipokwenda shambani, aliitoa filimbi, na ndani ya sanduku akaweka kipande cha mpini wa jembe kilichofungwa kitambaa, uzito kwa uzito. Mzee akaendelea kupapasa sanduku na kutulia. Niambieni, mwenye moyo wa namna hiyo tumwite nani?

Yaliyofuata tulikuja kuyasikia kwa Koplo Ojok mwenyewe. Ojok alikuwa askari polisi, mtu wa kaskazini, aliyekaa na mkewe Akumu katika kambi ya Kasese, kwenye vile vibanda vya mabati ambavyo saa sita mchana hugeuka tanuri. Alijua kupiga filimbi, na alikuwa akitafuta ya kwake ili akajaribiwe kuingia bendi ya polisi. Blasio alimfuata hukohuko. Kabla ya kwenda aliichukua nta ambayo baba yake huzibia ufa hadharani, mbele ya kila mtu, akauziba nayo ufa, akaisawazisha vizuri, kisha akaipaka masizi ya chungu mpaka ikawa nyeusi kama mti wenyewe. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Blasio aliuziba, tena kwa ufundi, lakini wahenga hawakuwa wakimfundisha mtu kuficha.

"Afande, hii kitu iko muzima kabisa," alimwambia Ojok. "Imetoka Ulaya."

Ojok aliigeuza mkononi. "Mimi nataka kwenda kujaribiwa na hii. Kama iko na kasoro, sema sasa. Sitakasirika."

Mmesikia? Mlango wa kweli ulifunguliwa mbele yake, tena na askari! Angeweka ukucha juu ya ufa, aseme kama mzungu alivyosema, na biashara ingekuwa halali walau kwa mnunuzi. Badala yake alinyanyua kidole mbinguni.

"Kasoro gani? Afande, kama hii filimbi iko na ufa, baba yangu azikwe bila filimbi!"

Ojok alimwamini. Mwana gani angeapa hivyo kwa uongo? Akatoa fedha, na jua halijatua Blasio alikuwa na redio begani, akipanda mlima huku ikipiga kelele.

Haikuchukua muda, Bulandina alikuwa akimkanda baba yake kifua kwa maji ya moto. Mzee akasema, "Mwanangu, nipigie kidogo. Niisikie ningali hai."

Bulandina akafungua sanduku. Akafungua kitambaa. Akaona mpini wa jembe.

Aliishika sauti yake isibadilike. "Tata, leo midomo yangu imekauka. Nitakupigia." Akafunga sanduku, akalirudisha chini ya mkono wa mzee, akatoka nje. Blasio alikuwa uwanjani amekaa kwenye kiti cha baba yake, redio magotini.

"Blasio, filimbi iko wapi?"

"Imekuwa hii," akasema, akiipigapiga redio. "Hii inaimba yenyewe. Halafu mwanamke anarithi filimbi wapi? Mimi ndiye mtoto wa kiume. Ni urithi wangu."

"Urithi?" Bulandina alipaza sauti mpaka majirani wakatoka. "Unarithi nini? Mzee anapumua! Msikilize, anapumua humo ndani!"

Blasio akaongeza sauti ya redio. Aliyesema jina la mnunuzi ni kijana wake wa dukani, kwa aibu. Bulandina alimwacha mzee mikononi mwa jirani, akashuka Bwera, akapanda lori la chumvi mpaka Kasese, akaulizia kambini.

Ojok aliposikia ametoka kwa Blasio, aliruka kama aliyemwagiwa uji. "Wewe mama ni dada yake? Kuja uone! Kuja uone kitu alinifanyia!" Akaingia ndani, akaitoa filimbi, na Bulandina alipoiona alijishika kichwa.

Nta ilikuwa imeyeyuka ndani ya kile kibanda cha bati na ufa ukafunguka. Ojok, asiyejua kuwa palikuwa na ufa wa zamani, alidhani ni yeye aliyeipasua. Kwa hofu ya siku ya majaribio akaifunga kwa waya wa spoki za baiskeli, akaikaza kwa koleo, akakaza tena, mpaka mti ukalia na kupasuka upande wa pili. Alikwenda kujaribiwa nayo hivyohivyo. Ilitoa upepo tu. Watu wa bendi walimcheka, wakamwambia arudi kulinda lango, na mmoja wao ndiye aliyemwonyesha mabaki ya nta yenye masizi ndani ya ufa.

"Afande," Bulandina akasema, na machozi yakaanza, "ungeambiwa tu. Nta kidogo na mtungi wa maji karibu yake uipoze, basi. Baba aliipiga na ufa huohuo miaka yote."

"Hakuniambia. Aliapa." Ojok alikirudia kiapo neno kwa neno. Akumu, aliyekuwa akiwasongea watoto ugali, akauacha mwiko. "Aliapa na kaburi ya baba yake?" akauliza. "Na baba yake bado iko hai?"

"Yu hai, lakini hoi kitandani," Bulandina akajibu.

Hapo hasira ya Ojok ikabadilika. Akamwekea Bulandina filimbi mikononi. "Chukua, mama. Sitaki pesa yako. Lakini siku ya kuzika, mimi nakuja."

Bulandina alirudi akamkuta mzee angali na fahamu. Akamwekea filimbi kifuani. Vidole vya mzee vikaanza kutembea juu yake, vikapita kwenye matundu, vikafika kwenye alama za waya, vikasimama, vikaenda upande wa pili. Chumba cha pili redio ilikuwa ikicheka.

"Ilikuwa na ufa mmoja," mzee akasema.

Hakuuliza zaidi. Alikuwa baba, na nadhani alijua. Hakulimaliza juma lile.

Siku ya mazishi mlima ulijaa. Bulandina alikuwa ameziba nyufa zote mbili kwa nta, akaifunga kwa uzi, akafanya yote aliyofundishwa. Machela ilipoinuliwa alitangulia mbele, akaweka midomo, akapuliza. Ukatoka upepo. Akahamisha vidole, akavuta pumzi, akapuliza tena kwa nguvu zake zote. Upepo. Waliobeba machela walisimama mlangoni hawajui waende au wangoje. Bulandina alisimama mbele ya watu wote, filimbi mdomoni, ahadi yake ikimfia mikononi.

Ndipo Blasio, na Mungu ananiona sisemi uongo, akaleta redio. "Msihangaike," akasema. "Hii itamsindikiza." Akaifungua mbele ya maiti ya baba yake, na mtangazaji akaanza kusoma bei ya pamba.

Ojok alitoka katikati ya watu akiwa na sare yake. "Zima!" Blasio akazima upesi. "Wazee, mimi nimekuja kusema kitu moja. Huyu aliniuzia hii filimbi. Mimi nilimuuliza, iko na kasoro? Alinyanyua kidole, hivi, akasema, kama iko na ufa, baba yangu azikwe bila filimbi. Sasa muangalie filimbi. Muangalie na mzee."

Watu wote wakamgeukia Blasio. Blasio akatabasamu kidogo. "Afande, yale ilikuwa maneno ya biashara tu."

Maneno ya biashara! Wazee walimgeuzia mgongo mmoja baada ya mwingine, wakaamuru machela iende. Mzee Yonasani, aliyewasindikiza wengine wote wa mlima ule, alishuka kaburini katika kimya, pakisikika tu udongo na kilio cha Bulandina.

Blasio alirudi dukani kwake. Mteja wa kwanza alichukua sufuria, akaigeuza, akauliza, "Ufa uko wapi?" Wa pili akachukua kitambaa, akauliza hivyohivyo. Alihamia Kabatoro, kwenye ziwa la chumvi, akajaribu kuuza chumvi, na huko pia swali lilikuwa limemtangulia na malori. Redio alitaka kuiuza. Mnunuzi alimtaka aape, akashindwa kunyanyua kidole.

Bulandina aliitundika filimbi ukutani, mbele ya mlango, nyufa zote mbili zikitazama nje. Mgeni akitaka kuigeuza upande mzuri, humwambia, "Iache hivyo."

FUNZO

Enyi wana wenye haraka, mtu hai harithiwi. Anayepumua bado ni mwenye mali yake, hata akiwa hoi kitandani na macho yamefifia, na anayemnyang'anya ni mwizi tu, hata akiitwa mtoto wa kiume. Enyi wauzaji, kitu kilichotumika kina haki ya kuwa na kasoro, na mnunuzi ana haki ya kuijua. Ile filimbi ingeweza kudumu na ufa wake kama ungesemwa. Na msiape kwa miili ya wazazi wenu, maana mdomo huapa mara moja na mwingine akalipa. Ukitaka kuuza, weka kwanza ukucha wako juu ya ufa.