Atakayepiga Muziki Harusini

Jumamosi, tarehe 15 Machi 2025. Asubuhi hiyo upepo uliumwagia mji wa Irving vumbi hadi magari yote yakawa na rangi moja.

Dorothea, muuguzi aliyetoka zamu, alipanga foleni ya sambusa kwenye duka la Waafrika. Mbele yake kijana mwenye shati la njano alitikisa mabega, hedifoni masikioni.

"Kaka, unapanga foleni au unacheza?"

"Vyote, dada. Naitwa Kamugisha."

Kufikia Oktoba walikuwa Mansfield, nyumbani kwa Samson, baba mdogo wa Dorothea, kwenye kikao cha harusi yao. Kamugisha akasema DJ atakuwa Faustine wa Houston, rafiki aliyemfundisha kupiga muziki wa house.

"Yule shoga? Na muziki wao?" Samson akacheka. "Hii ni harusi ya kanisani!"

Dorothea alitazama kucha zake. Kamugisha akachukua ufunguo wa gari, akaondoka.

Siku zilipita kabla hajapokea simu ya Dorothea.

"Mpenzi, bado umenuna?"

"Ulinyamaza, Dorothea."

"Ningemjibu nini baba mbele ya watu?"

"House ilianzia Chicago, kwa Weusi na Walatino, wengi wao mashoga. Walifungiwa milango, hata ya makanisa. Wakatafuta ukumbi wao, wakacheza. Sikiliza kinanda kile, sauti zile: kwaya tupu! Na nilipofika Houston sina mtu, Faustine ndiye aliyenifungulia. Leo nimfungie mimi?"

"Kwa hiyo hakuna harusi?"

"Bila yeye, hakuna."

Akakata. Dorothea alimwomba Mungu, hakuona jibu. Akaomba tena, kwa hasira, machozi yakilowesha sare ya kazi.

Kikao kilichofuata alivaa gauni la kitenge cha bluu. Kamugisha alikuja, akakaa karibu na mlango bila kumtazama. Dirishani Dorothea akamwona Faustine ndani ya gari la Kamugisha. Hakuna aliyemkaribisha.

Samson akainamisha kichwa. "Tuombe."

"Samahani, baba. Bado kuna mgeni nje."

Akatoka, akamshika Faustine mkono.

"Dada, nisilete ugomvi," Faustine akanong'ona.

"Ugomvi niliuleta mimi niliponyamaza. Twende."

Walipoingia, Samson alikunja mikono. Hakuna aliyesogeza kiti. Kamugisha akainuka, akampa rafiki yake cha kwake, kisha akasimama kando ya Dorothea.

Sauti ya Dorothea ilifika hadi jikoni:

"Baba, mama zangu, nisikieni nyote. Mbele za Mungu na mbele yenu naahidi: siku ya harusi yangu Faustine atapiga muziki. Asipoingia ukumbini, nami siingii."