Sahani Yenye Picha ya Jani

Kila siku masomo yakiisha, Kulikoni alipitia mgahawani kwa mama yake kabla ya kwenda nyumbani. Hilo si jina alilopewa alipozaliwa. Alibandikwa na mjomba wake, mpishi wa mgahawa, tangu akiwa mtoto mdogo, kwa sababu hapakuwa na kitu kilichompita bila kuuliza kulikoni. Kulikoni maharage yanavimba yakilowekwa? Kulikoni kifuniko cha sufuria kinachezacheza? Aliyoyajua, Mjomba aliyajibu. Asiyoyajua alisema, "Muulize mama yako," kisha akajitia kukoroga mchuzi usiohitaji kukorogwa.

Kazi ya Kulikoni pale ilikuwa kufunga vikasha vyeupe vya kubebea chakula, vile vya plastiki ya povu, vyepesi kama hewa, ambavyo hulia kwikwi ukivisugua. Mjomba akishapakua, yeye alifunga kifuniko na kuandika juu yake kwa kalamu ya wino mzito: W kwa wali, N kwa ndizi, M kwa maharage. Mafundi, makarani na wanafunzi walivibeba wakaenda zao. Rundo lililokaribia kugusa dari alipofika, jioni halikuwepo. Vilikwenda wapi baada ya hapo? Ajabu ni kwamba hilo Kulikoni hakuwahi kuliuliza.

Jibu lilikuja lenyewe siku ya mvua kubwa. Mtaro wa nyuma ya mgahawa ulifurika, maji machafu yakaingia jikoni. Mjomba alinyanyua gunia la mchele akalitupa juu ya meza. Jirani yao, fundi cherehani, alisimama mlangoni kwake amekumbatia vitambaa vya wateja, vingine vimekwisha kulowa tope.

Mvua ilipokatika, Mama alikunja sketi, akachukua reki na kwenda kuzibua mtaro. Kulikoni alimfuata. Kilichoziba hakikuwa mawe wala matawi. Vilikuwa vikasha vyeupe, vimeshikamana kama ukuta. Mama alivuta kimoja akakigeuza. Juu ya kifuniko, wino haujafutika hata kidogo, palikuwa na herufi M.

"Huu ni mwandiko wako," Mama alisema polepole.

Kulikoni aliitazama ile M, akaona aibu kama vile ni yeye mwenyewe aliyekitupa pale. Fundi cherehani alikuwa akiwaangalia. Kisha akainama kukamua kitambaa cha mteja kilicholowa tope.

"Hivi tunaachana navyo," Mama akasema. "Sijui tutaweka nini badala yake, lakini tunaachana navyo."

Siku chache baadaye muuza vyombo alifika na sanduku la sampuli. Alipanga mezani aina mbili za sahani. Za kwanza zilikuwa na rangi ya mchanga, zinakwaruza kidogo mkononi. Alisema zimetengenezwa kwa makapi ya miwa yaliyoshindiliwa kwa mashine. Za pili zilikuwa za karatasi ya kahawia, laini, zinang'aa, na katikati pana picha ya jani la kijani.

"Zote hizi zinaoza," alisema. "Ukizitupa udongoni zinageuka mboji. Ila hizi za jani bei yake ni nafuu, na mchuzi haupenyi."

Kulikoni alishika sahani ya jani akaigeuza huku na huku. "Umejuaje kwamba inaoza?"

"Si unaiona picha ya jani?"

"Picha ndiyo inayoiozesha?"

Hakuwa akimkejeli. Alitaka kujua kweli. Muuza vyombo alicheka mpaka mabega yakatikisika. "Mama, huyu mwanao atakuwa wakili."

Mjomba aliamua kufanya majaribio yake. Alimimina mchuzi wa moto kwenye sahani ya miwa, akaishika kwa mkono mmoja na kuanza kueleza kuwa yeye kama mpishi ndiye anayepaswa kutoa uamuzi. Maelezo yalikuwa marefu. Kabla hayajafika mwisho, sahani ililegea katikati na mchuzi ukamshukia kwenye suruali. Alipiga yowe, akaruka, na uamuzi ukawa umetolewa. Mama alinunua sahani za jani.

Juma lile lile mchora mabango alipandisha ngazi mbele ya mgahawa na kuandika kwa herufi kubwa za kijani: VYOMBO VYETU HUOZA NA KURUDI UDONGONI. Wapita njia walisimama kusoma. Mama alitembea kati ya meza kichwa juu.

Lakini Kulikoni hakutulia. Swali lake halikuwa limejibiwa, na swali lisilojibiwa lilimkera kama punje ya mchanga ndani ya kiatu. Mwisho wa mtaa, nyuma ya maktaba, palikuwa na mama mmoja aliyeuza miche ya maua na mboga. Watu walimwita Mama Miche. Kulikoni alikwenda huko akiwa na kipande cha sahani ya jani, kipande cha sahani ya miwa na kipande cha kikasha cheupe.

"Shikamoo, Mama Miche. Ati hivi vinaoza?"

"Marahaba, mwanangu. Cheupe hicho hakiozi, hilo nina hakika. Hivi vingine sijui. Kwangu ni vigeni." Akavipokea na kuvinusa. "Njoo tuvizike, tuone."

Alimpeleka kwenye lundo la mboji, kubwa kuliko kitanda, la majani, maganda na samadi. Alichomeka fimbo katikati, akaiacha kidogo, kisha akaichomoa. "Shika."

Kulikoni aliishika na kuiachia upesi. Ilikuwa ya moto. "Nani amewasha moto humo ndani?"

"Hakuna moto. Kuna viumbe wadogo mno, macho hayawaoni. Wanakula majani, na wakila wanatoa joto, kama wewe unavyopata joto ukikimbia. Wanataka hewa, ndiyo maana nawageuzia lundo. Wanataka na unyevu, lakini si wa kuwazamisha. Kama kitambaa ulichokikamua."

Kulikoni alilitazama lundo kama mtu aliyegundua kuwa jirani yake ni mfalme. Walitia kila kipande kwenye mfuko wake wa wavu, kama ile ya kuuzia vitunguu, ili kisipotee, wakaizika mifuko yote mahali pamoja. Kuanzia hapo Kulikoni alipita pale mara kwa mara. Alisaidia kugeuza lundo kwa uma mrefu na kunyunyiza maji. Kila akiomba kufukua, Mama Miche alikataa. "Waache wale. Wewe ungependa mtu afunue sahani yako kila ukitia tonge mdomoni?"

Wakati huo huo, mgahawani kulikuwa na habari njema. Msimamizi wa maktaba alikuja kula, akasoma bango, akaomba kuonana na Mama. Maktaba ilikuwa inaandaa siku ya usomaji bustanini, na watoto wa shule nyingi wamealikwa. "Tunataka chakula chao," alisema, "lakini hatutaki takataka. Sahani zote tutazitia kwenye lundo la mboji la Mama Miche, na mboji hiyo irudi bustanini kwetu. Nimezunguka mji mzima nikitafuta mgahawa kama wako."

Mama alifurahi mpaka akamwongezea kitoweo bila kuombwa. Mgahawa wao haukuwahi kupata oda kubwa namna ile.

Majuma yalipita, na alasiri moja Mama Miche akasema siku imefika. Walifukua mifuko. Kikasha cheupe kilikuwa vile vile, ungeweza kukiosha ukakitumia. Cha sahani ya miwa hakikupatikana. Palibaki vumbi jeusi na nyuzi nyeupe za kuvu, na Kulikoni alipolisugua kati ya vidole lilinuka udongo baada ya mvua. Mfuko wa tatu ndio uliomshangaza. Karatasi ya kahawia ilikuwa imeliwa, lakini kulikuwa na ngozi nyembamba, angavu, kama ganda la ndani la kitunguu. Aliivuta. Ilirefuka, haikukatika.

"Plastiki," alisema.

"Ndiyo maana mchuzi haupenyi," Mama Miche akasema. "Wameipaka juu ya karatasi."

"Ikibaki humu itakuwaje?"

"Itakatikakatika, iwe vipande vidogo. Nitaichanganya kwenye udongo bila kujua, na nitaiuza pamoja na miche." Akamtazama. "Mbona umenywea?"

Kulikoni alikuwa akifikiria bango la herufi za kijani, na uso wa mama yake tangu oda ya maktaba ilipokuja. Aliitia ile ngozi mfukoni na kurudi mgahawani. Alimkuta Mama akimweleza mteja, kwa fahari, jinsi vyombo vyao vinavyorudi udongoni. Kulikoni akachukua kitambaa akafuta meza. Akafuta tena meza ile ile. Alitamani mfuko ule wa tatu ungepotea kwenye lundo. Mteja alipoondoka, aliweka kitambaa chini.

"Mama, sahani za jani haziozi. Sehemu inaoza, sehemu haiozi." Akatoa ile ngozi, akaeleza yote.

Mama aliigusa kwa ncha ya kidole. "Labda hamkungoja vya kutosha."

"Labda. Lakini tazama inavyovutika."

Mama hakubishana. Alichukua sahani mpya, akaichana kingo, akailoweka kwenye beseni la maji ya moto. Karatasi ilipolainika, aliibandua mwenyewe kwa ukucha, na ngozi ile ile ikatoka, nzima, na picha ya jani bado iko juu yake. Aliketi.

Mjomba, aliyekuwa amesimama nyuma yao, alikohoa. "Dada, kitu chenyewe chembamba hivyo. Nani atakwenda kubandua sahani?"

"Huyu hapa amekwenda," Mama akajibu, akimwonyesha Kulikoni kwa kidevu.

"Na oda je? Ukisema, unaikosa."

Mama aliikunja ile ngozi na kuikunjua mara nyingi. "Bango nimeliandika mimi," alisema mwisho. "Watu wanakuja kwa sababu ya lile neno. Kesho nakwenda maktaba."

Asubuhi alikwenda, na Kulikoni, kwa kuwa ilikuwa siku ya mapumziko, alikwenda naye. Msimamizi wa maktaba alisikiliza bila kuwakatiza. Kisha naye aliivuta ile ngozi, kama walivyofanya wote walioishika.

"Ungenyamaza, nisingejua," alisema.

"Mwanzoni hata mimi sikujua," Mama akasema. "Lakini sasa najua, siwezi kukuuzia. Ukitaka kutafuta mgahawa mwingine, sitakuwa na kinyongo."

"Nitautoa wapi unaopima sahani zake?" Msimamizi alitabasamu. "Nipikie wewe. Ila sahani ziwe zile za miwa."

Hapo Mjomba aliingia kazini. Sahani za miwa zililegezwa na mchuzi mwepesi wa moto, na suruali yake ilikuwa shahidi. Yeye na Kulikoni walijaribu chakula baada ya chakula. Wali ulikaa salama. Viazi vya kuoka vilikaa. Maharage yalikaa pia, yakipikwa mazito na kuachwa yapoe kidogo. Supu ilishindwa kila mara, wakaifuta kwenye orodha ya siku hiyo.

Mgahawani nako mambo yalibadilika. Waliokula pale pale waliletewa sahani za kawaida za kuoshwa. Wa kubeba waliombwa waje na mabakuli yao, na wengi walicheka kwanza, kisha wakayaleta. Asiye na bakuli alipewa sahani ya miwa. Mchora mabango alirudi na ngazi yake, akafuta maneno ya zamani na kuandika kwa herufi kubwa zile zile: TULIKOSEA. SAHANI ZA JANI HAZIOZI ZOTE. Hata kabla rangi haijakauka, Mama alimweleza kila mteja kwamba alikosea. Wawili watatu waliguna. Wengine waliendelea kula.

Muuza vyombo alipopita tena, Mama alimwekea ile ngozi mezani. Aliishika, akaivuta, na safari hii hakucheka. "Mimi niliambiwa zinaoza, nikauza," alisema. "Sikuuliza." Akaomba apewe kipande akamwonyeshe aliyemuuzia.

Siku ya usomaji watoto walijaa bustanini. Walikula, wakasomewa hadithi, kisha Kulikoni akawaongoza nyuma ya maktaba kuchana sahani vipande vidogo ili wale viumbe wa lundoni wapate urahisi. Fimbo ilipitishwa mkono kwa mkono, na kila aliyeishika alitoa macho na kutaka kujua nani amewasha moto. Kulikoni alieleza mpaka sauti ikamkauka.

Mama alikuja kusimama kando yake, mikono imejaa sahani.

"Nilikuwa na hasira nawe siku ile," alisema kwa sauti ya chini. "Si kwa kosa lako. Ni kwa kuwa nilipenda lile bango liwe kweli, na wewe ukaja na ushahidi mfukoni. Lakini sikiliza, mwanangu. Mtu akikwambia jambo zuri, uliza amejuaje, kisha nenda ukalitazame mwenyewe. Na ukigundua kuwa wewe ndiye uliyekosea, liseme hilo kwa sauti ile ile uliyojisifia. Mimi niliandika kwa herufi kubwa. Isingefaa nijikosoe kwa kunong'ona."

Akamkabidhi nusu ya zile sahani, na wote wawili wakainama kuzichana.