Moshi Usiopanda

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku alifagia karakana ya baba yake, ubavuni mwa nyumba yao. Jina hilo alipewa na baba mwenyewe, fundi seremala, kwa kuwa mdomo wake, kama wa ndege huyo, haukupoa tangu ajue kusema. Aliyakusanya maranda ya mbao kwenye gunia ili ayapandishe mlimani kwa Mama Kuku, mfugaji aliyeyatandaza bandani mwa kuku wake.

Lakini mlima ule ulikuwa mkali. Tangu miezi ya upepo, Chiriku alikuwa na njia yake ya mkato: aliyamwaga maranda nyuma ya karakana, akayatia kiberiti. Upepo ulizoa moshi wote.

"Umepeleka?"

"Nimepeleka, baba."

Basi, yakaisha.

Kisha baridi ikaingia, upepo ukalala. Bibi, aliyelala kitanda kimoja na Chiriku, akaanza kubanwa na kifua. Kila asubuhi alikaa ukingoni mwa kitanda, mabega juu, akiitafuta pumzi kwa nguvu. Dawa yake ya kuvuta ikawa haimalizi mwezi. Wakafua mapazia. Wakamfukuza paka. Wapi!

"Kesho nakupeleka kwa dada, bara," baba alisema Ijumaa moja asubuhi. "Nyumba hii imekukataa, mama."

"Mimi si kabati la kuhamishwa hamishwa," Bibi akajibu, kikohozi kikamkata.

Chiriku alikwenda kufagia huku machozi yakimlenga. Akachoma maranda kama kawaida. Baba akamkabidhi kigoda kipya akipeleke kwa Mama Kuku.

Alifika juu akihema.

"Ee, leo umeikumbuka njia!" Mama Kuku alisema. "Kuku wangu wanalala sakafu tupu miezi yote hii. Babako ameacha kupiga randa?"

Chiriku alikuwa akitazama chini. Mji ulibanwa kati ya mlima na bahari, na juu ya mapaa ulitanda moshi wa rangi ya kutu, bapa kama kifuniko cha sufuria. Nyuma ya karakana yao uzi mweupe ulipanda kidogo tu, kisha ukalala juu ya dirisha la Bibi.

"Mbona haupandi?"

"Upande uende wapi? Miezi hii hewa ya baridi huteremka huku mlimani usiku, ikajaa chini kama maji kwenye beseni. Hewa ya joto huifunika kwa juu. Moshi wa magari, wa jaa, wa viwanda, wote humo humo, mpaka saa nne upepo wa baharini uamke. Na huyo anayechoma pale sijui ana roho gani."

Chiriku aliteremka mbio. Alimkuta Bibi barazani, midomo imegeuka rangi, baba akimpakia kwenye gari la jirani.

Huko zahanati, muuguzi alimwekea Bibi barakoa ya dawa, akauliza, "Kuna moshi karibu na nyumba?"

"Hakuna," baba alisema. "Tunapikia gesi."

Chiriku angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemtazama.

"Upo," alisema. "Ni mimi. Nachoma maranda kila siku. Kwa Mama Kuku sijaenda tangu miezi ya upepo."

Baba alimtazama mpaka Chiriku akainamisha kichwa. Hakumgusa.

Bibi alirudi nyumbani jioni ile, na safari ya bara ikafutwa. Muuguzi alimwagiza afunge dirisha mpaka saa nne kila asubuhi msimu huo, maana moshi wa mji haukuwa wa mtu mmoja. Kifua kilichukua wiki tatu kutulia.

Usiku wa siku ile ile baba alimwita Chiriku karakanani.

"Uvivu hata mimi ninao," alisema. "Lakini nilikuuliza kila siku, na kila siku ulinijibu. Tumehangaika na mapazia na paka kwa sababu nilikuamini. Ungesema kweli siku ya kwanza, ningekugombeza dakika tano, na mama yangu angepumua. Mtu akikosa kukuambia kweli, unatibu ugonjwa usiokuwepo, na ule uliopo unaendelea kuua. Umenielewa?"

"Nimeelewa, baba."

"Haya. Nenda kalale na bibi yako. Amekuulizia."