Kengele Isiyobarikiwa

Kamba ilikatika katikati ya mlango wa bandari, pantoni ikageuka ubavu. Motaboti iliyokuwa ikiikokota kutoka Magogoni ilipotelea kwenye mvua kabla nahodha wake hajageuza shingo. Maji yalikuwa yakipwa, na pale maji yakipwa hayambembelezi mtu. Yaliichukua pantoni, lori na watu wanne waliokuwa juu yake, yakaipeleka nje baharini.

Katekista Gaudens alishika ubao wa lori akajiona mjinga. Alikuwa ametoka Kariakoo asubuhi ile na mkewe Severa, binti yao Winifrida wa miaka tisa, na kengele. Walikuwa wazuru makanisa mawili ng'ambo ya Kigamboni, kisha wamalizie kwenye kambi ya vijana Wakristo huko Kimbiji, ambako Padre Theophil angeibariki kengele na kuipa jina. Kabla ya hapo isilie hata mara moja. Ndivyo Gaudens alivyofundishwa kwao Kibosho, naye hakuwa mtu wa kupindisha neno. Hata dukani kwa Hamud bin Nasor aliinunua bila kuigonga.

"Mwalimu, kengele unainunua kwa macho?" Hamud alimcheka, akawasimulia mtaa mzima.

Sasa Hamud huyo huyo, mwenye duka na mwenye lori, alikuwa amelala kifudifudi akishindilia gogo chini ya gurudumu.

"Likiteleza hili tumekwisha! Mwalimu, lete gogo jingine!"

Kamba ilipokatika, ncha yake ilimchapa Winifrida ikamchana muundi. Damu ilichuruzika na maji ya mvua. Mtoto hakulia; alimtazama mama yake tu, na hilo lilimchoma Gaudens kuliko kilio.

"Nataka kitambaa safi," alisema Severa.

Sanduku la nguo lilikwisha kwenda na wimbi, na walizovaa zilijaa oili na matope. Kengele ilining'inia kwenye fremu ya mbao nyuma ya lori, na ulimi wake ulikuwa umezungushiwa kanga mpya ili isilie, kazi ya mikono ya Severa mwenyewe.

"Mama Winifrida, si hiyo."

Severa aliingiza mkono ndani ya kengele, akaifungua kanga, akaufunga mguu wa mtoto hadi damu ikakata. Kisha akakinga mvua kwa viganja akamnywesha.

Wimbi liliinua pantoni. Gaudens aliruka akaukamata ulimi wa kengele kwa ngumi. Kila wimbi lilipopita, chuma kilimponda vifundo vya vidole, naye alikaza. Mtu akitaka kucheka na acheke. Mwanamume yule alikuwa ameahidi kwamba haitalia kabla ya baraka.

Wakasikia mashine ya motaboti upande wa kushoto. Walipiga kelele mpaka sauti zikakauka. Mashine ikapita, ikaanza kufifia. Mbele yao, ndani ya ukungu wa mvua, mawimbi yalikuwa yakipasuka.

"Ule ni mwamba," alisema Hamud taratibu. "Wanatutafuta, lakini hawatuoni."

"Baba, nasikia baridi," alisema Winifrida. Midomo yake ilikuwa imepauka.

Severa alimsogelea mumewe.

"Baba Winifrida, nilimwacha mama yangu Kibosho nikakufuata huku pwani. Sikukuuliza kwa nini. Leo naomba kitu kimoja tu. Toa mkono."

Gaudens aliutazama mkono wake uliochubuka, kisha mguu wa mwanawe. Akautoa.

Kengele ikalia, na ililia vibaya. Ilikuwa na ufa mahali, sauti yake ni ya sufuria iliyoanguka jikoni. Hamud alijishika kichwa.

"Ya Rabi! Nimekuuzia kengele mbovu!"

"Piga!" alifoka Severa, na yeye ndiye aliyeanza. Aliupigisha ulimi ule kwa mikono miwili, bila kupumzika, nywele zimemganda usoni. Alipochoka, Hamud akaushika ulimi, kisha Gaudens kwa mkono wake mzima. Mwamba ulikuwa umeshaonekana, mweusi, mashine iliporudi.

Nahodha aliwarushia kamba.

"Ingekuwa kengele nzuri ningedhani meli imetia nanga, nikaikwepa," alisema. "Hii nikajua ni watu wenye shida."

Wiki mbili baadaye Hamud aliwafikisha Kimbiji kwa njia ya nchi kavu, na lorini alikuwa amepakia kengele nyingine, nzima, aliyoigonga mwenyewe mbele ya mashahidi. Gaudens alimshukuru sana, akaiacha lorini.

"Hii ya zamani imeshalia?" aliuliza Padre Theophil.

"Imelia, Padre. Niliizuia, na Mungu anisamehe kwa kuizuia."

Padre akachukua maji ya baraka.

"Jina lake?"

Mfukoni Gaudens alikuwa na karatasi yenye jina alilolichagua tangu Kwaresima. Hakuitoa. Alitazama upande wa wanawake, alikokaa mkewe na mguu wa mtoto mapajani.

"Severa," alisema.

Severa alijifunika uso kwa kanga. Winifrida akachechemea mbele, akapewa kamba. Kengele ikaita kwa sauti yake ile ile mbaya, na watu wakaja.