Onja Kwanza, Wifi

Watu wa hapa kijijini Mpemba, leo nasema, na atakayenuna anune.

Asubuhi ile nyumbani kwa jirani yangu Rabson kulikuwa na amani. Mkewe, Enesi, alikaa kibarazani akinywa uji laini. Alikuwa ametoka hospitali, ambako alipigwa mionzi kisha akafanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo. Afisa lishe alimwagiza ale vyakula laini, kidogo kidogo, mara nyingi: uji, mayai, wali bokoboko, samaki, ndizi mbivu. Kande na maharage vingoje.

"Tumboni una kidonda usichokiona," alimwambia.

Basi akaingia wifi yake, Imelda, kutoka Ileje, na sufuria ya kande na kibuyu cha dawa.

"Mwanamke mzima unakunywa uji kama mtoto?" akasema. "Huo moto wa mionzi bado umo tumboni. Uharishe, utoke!"

Rabson akajitia kutafuta viatu vyake. Mume gani huyo, jamani! Enesi akaona haya kumkatalia wifi. Akala kande, akanywa dawa. Kabla jua halijazama alikuwa anaharisha maji matupu, tumbo linamsokota, analia. Tukampakia kwenye bajaji, macho yameingia ndani. Daktari akamtundikia dripu, akatuambia wazi kwamba tungechelewa kidogo tu, tungezika.

Enesi akarudi nyumbani amekonda. Mkadhani Imelda alijifunza? Thubutu! Alikuja tena na kibuyu, mbele ya akina mama wa kanisani waliokuja kutoa pole.

"Ile ya kwanza haikumaliza uchafu," akasema.

Enesi akasimama, ameshika ukuta.

"Wifi, kwetu aletaye pombe huonja kwanza, wageni waone haina sumu. Onja."

"Mimi siumwi!"

"Ndiyo maana una nguvu za kuistahimili. Onja."

Imelda akainua kibuyu mpaka mdomoni. Hapo mkono ukagoma. Sote tuliona. Akakiweka chini.

Enesi akakichukua, akaimwaga dawa yote uani.

"Mionzi nimeivumilia. Kisu nimekivumilia. Sitakufa kwa sababu ya kumwonea haya wifi!"

Ndipo Rabson naye akapata ulimi.

"Dada, ondoka na kande zako," akasema, akaenda jikoni kumpondea mkewe ndizi.

Siku hizi Enesi ameanza kurudia ugali, tonge dogo dogo, kwa ruhusa ya daktari. Anautafuna kwa maringo, na ana haki.

FUNZO

Ndugu zangu, kupona hakupimwi kwa ukubwa wa tonge. Aliyetoka kwenye mionzi na upasuaji apewe chakula alichoagizwa na wataalamu, na dawa ya kumfanya aharishe isimkaribie. Akiharisha au tumbo likimkaza, apelekwe hospitali upesi. Heshima ni kitu chema, lakini haijawahi kuziba kidonda cha utumbo. Na wewe mgonjwa, ukiletewa kibuyu, usione haya. Mwambie aliyekileta aonje kwanza.